His Girl Friday ya 1940 inatushika kwa kitu gani hasa?

mtu_wa_zilipendwa
Wakuu habari za jioni. Jana umeme umerudi usiku saa nne nikasema niangalie kitu chepesi nilale, nikafungua hii muvi nikijua nyeusi na nyeupe lazima nisinzie. Wapi! Dakika 92 sijagusa simu. Cary Grant na Rosalind Russell wanaongea kama makonda wanaogombea abiria, mmoja hajamaliza mwenzie kashadakia, subtaito nazikimbiza tu. Kwa nini ya zamani hivi bado inachekesha wakati za juzi zinanilaza?

kalamu_butu
Mkuu, imetoka kwenye tamthilia ya 1928, The Front Page, na humo Hildy, huyu anayechezwa na Rosalind, alikuwa mwanaume, ripota anayetaka kuacha kazi akaoe. Howard Hawks akamgeuza mwanamke, tena mtalaka wa bosi wake Walter, ndo Cary Grant huyo! Kwa hiyo ubishi wa kazini ndo ukawa mapenzi yenyewe, hawahitaji kuambiana nakupenda. Na kule kudakiana sio fujo, mwanzo na mwisho wa sentensi waliweka maneno ya kujazia ili wakipandiana usikose cha maana cha katikati.

bibi_sinema
Mimi naliwa na pale Walter anapoenda kumsalimia mchumba mpya wa Hildy, anamvamia mzee mwingine kabisa, anampa mkono na hongera, na Bruce mwenyewe yuko hapohapo na mwavuli wake 😂 Baadaye Walter anamweleza mtu mwingine Bruce yukoje, eti anafanana na yule jamaa wa kwenye sinema, Ralph Bellamy. Sasa aliyecheza Bruce ni nani? Ralph Bellamy!

sina_kundi
Chekeni tu ila Walter ni tapeli. Bruce wa watu kawekwa ndani mara tatu siku moja, mama yake kabebwa mzobemzobe, na kuna mtu ananyongwa kesho asubuhi huku maripota wanacheza karata. Mollie, dada anayemtetea huyo wa kunyongwa, anajirusha dirishani na bado wanachowaza ni habari.

kalamu_butu
Na muvi inajua hilo @sina_kundi. Angalia Hildy anavyomhoji yule mfungwa, kasi yote inakufa, anaongea taratibu kwa sauti ya chini kama yuko na mgonjwa. Ndo pale unajua kwa nini hawezi kuiacha hiyo kazi, na Walter ndo mtu pekee anayelijua hilo.

bibi_sinema
Jamani mkiitafuta, haki miliki yake haikuhuishwa ndo maana imejaa bure mtandaoni, ila kopi nyingine mbovu sauti inakwaruza, na hii muvi bila sauti safi umeumia.

mtu_wa_zilipendwa
Nimerudia mwisho na wife. Fungate la Walter na Hildy linageuzwa safari ya kikazi ya Albany kwa sababu ya mgomo, Walter katangulia mlangoni, Hildy nyuma anahangaika na begi. Wife kanigeukia, "si ndo wewe siku ile stendi." Nimezima TV.