Mwanangu ana usonji, Januari anaanza la awali, nianzie wapi?

MamaWawili
Habari zenu wapendwa. Mwanangu wa kiume anatimiza miaka 5 mwezi wa kumi na moja, ana usonji, kliniki walishatuambia tangu mwaka jana. Kuongea bado, akitaka maji anakushika mkono anakupeleka kwenye ndoo. Januari nataka aanze darasa la awali na presha inanipanda. Shule moja ya praiveti hapa Dar walimpokea, hela ya fomu wakala, siku ya pili napigiwa simu njoo umchukue anawasumbua wenzake. Baba yake anataka ya serikali yenye kitengo cha watoto wenye mahitaji maalumu, mama mkwe anasema akae nyumbani mpaka aongee. Mliopitia mlifanyaje jamani?

Ticha_wa_kitengo
Pole dada. Usisubiri aongee, akikaa nyumbani ataongea na nani? Nenda kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri yako na karatasi za kliniki na cheti cha kuzaliwa, yeye ndo anajua vitengo viko wapi. Kwa Dar shule ya msingi Uhuru Mchanganyiko ina watoto wenye mahitaji maalumu miaka mingi tu. Ada serikalini ilifutwa toka 2016 ila nauli ndo itakutoa jasho, vitengo haviko kila mtaa. Na ukifika muulize mwalimu bila aibu kasomea wapi, kuna waliotoka chuo cha ualimu Patandi kule Arusha elimu maalumu wameisomea kabisa na kuna waliopangiwa tu.

BabaT
Ticha sipingi ila wa kwangu yuko darasa la kawaida, watoto wamejaa mpaka chini, na anasonga. Kilichotusaidia ni maandalizi. Sare tulinunua mapema tukaifua kama mara sita ilainike, lebo ya shingoni nikaikata maana ilikuwa inamwasha anavua shati mbele za watu, akawa anavaa hapa nyumbani jioni akila. Jumamosi shule ikiwa tupu tunaenda naye, getini, darasani, chooni, tunarudi. Choo usikisahau, wa kwangu alikuwa anabana mpaka saa saba kwa kuogopa lile shimo. Mwalimu wake tukakubaliana aingie baada ya paredi, zile kelele ndo zilikuwa zinamvuruga.

Ticha_wa_kitengo
Hiyo ya paredi naiunga mkono. Ongeza picha dada, piga picha kikombe, choo, begi, toboa ufunge na uzi avae shingoni, akitaka kitu anaonyesha. Ila mpe mwalimu nae nakala, wengi wanasahau hapo.

MamaWawili
Asanteni mno, nimesoma nalia. Kesho naenda halmashauri, mama mkwe nitamwambia nikisharudi 😅 BabaT swali moja, kengele ya shule ya huku kwetu ni rimu ya gari inaning'inia kwenye mwembe na ikigongwa hata mie nashtuka, nifanyeje?

BabaT
Hahaa ya kwetu pia rimu. Gonga sufuria nyumbani, anzia nje mbali, kila siku unasogea kidogo, na ukimaliza kugonga mpe kitu anachopenda. Majirani watakushangaa wiki moja hivi.