Mashine mwalimu na TA (msaidizi wa mhadhiri) wa chuo, nani anajua kufundisha kukodi, yaani kuandika programu za kompyuta? Wakuu wa kompyuta njooni tumalize hili

Kibatari:
Wakuu habari za jioni. Tumebishana na jamaa yangu hapa kazini toka mchana hatujamalizana, mimi nasema mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayeanza kukodi apewe mashine mwalimu imsimamie hatua kwa hatua, yeye anasema mashine zinalemaza akili. Na msije mkadhani naongelea ChatGPT ya juzi, hii kitu ina umri kuliko wengi humu. Miaka ya 80 kule chuo cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, mwanasaikolojia mmoja John Anderson na wenzake walitengeneza kitu wakakiita LISP Tutor. Unaandika programu yako kwa LISP, lugha ya kompyuta ya zamani, yenyewe inakufuata neno kwa neno, inalinganisha unachoandika na mamia ya kanuni ilizonazo, za hatua sahihi na za makosa ambayo wanafunzi wanayafanya sana, ukipotoka tu inakusimamisha hapohapo. Walipopima, wanafunzi waliokaa na binadamu mmoja kwa mmoja walimaliza mazoezi kwa kama masaa 11 hivi, wa mashine 15, waliojisomea wenyewe wakavuka 26. Sasa hebu niambieni kwa nini vyuo vyetu visiwe na kitu kama hicho, maana TA wetu tunawajua, anakaa mbele ya lab anachati, ukimwita anakwambia kagoogle. Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Pointa:
Uvivu mtupu. Sisi tuliojifunza lugha ya C kwa peni, kwenye UE (mtihani wa mwisho wa semista) unaandika programu nzima kwenye karatasi ya majibu, hakuna kompyuta, hakuna rangirangi za kwenye skrini, ndio leo tunaandika mifumo ya benki, watu wanalala hela zao ziko salama. Nyie watoto wa kuambiwa na mashine "umesahau nukta mkato" siku bando likiisha hamuwezi kuandika hata loop ya kurudiarudia hesabu. Kukodi kunataka kichwa, sio kushikwa mkono.

Chumvi Kidogo:
Nimekaa pale. Mwenye karanga apitishe huku.

TA Mchovu:
Kibatari umenikera na sijui kwa nini najibu. TA "anachati". Lab moja ina vijana zaidi ya mia, sisi wawili, mashine ambazo hazijawaka sizihesabu, mikono kumi juu kwa wakati mmoja na wote wameandika = badala ya ==. Unamsaidia huyu dakika tatu, yule aliyeanza kuita ameshakata tamaa anakopi kwa jirani. Hiyo simu unayoiona naangalia mwenzangu ameishia wapi na malipo ya semista iliyopita ambayo hayajatoka. Tulia kwanza ndio ulete hao Wamarekani wako.

Kibatari:
TA Mchovu mkuu punguza munkari, mbona umenipa hoja mwenyewe? Watu mia kwa wawili, ndio maana nasema mashine.

TA Mchovu:
Sijakupa kitu.

Nusu Sigma:
Nimesoma soma haya mambo zamani kidogo. Kabla hamjafika mbali, mzizi wa ugomvi wote ni Benjamin Bloom wa Chicago, 1984, alisema mwanafunzi akipata mwalimu wake peke yake anapanda sigma mbili (sigma ni kipimo cha jinsi maksi zinavyotawanyika) juu ya darasa la kawaida. Sigma mbili ni nyingi mno, maana yake mtoto wa katikati anawapita karibu darasa zima. Watu wakashika hiyo wakasema basi tujenge mashine itoe hizo sigma mbili kwa bei rahisi. Baadaye Kurt VanLehn, 2011, akakusanya tafiti nyingi akakuta mambo sivyo, hata huyo mwalimu binadamu mwenyewe anatoa kama sigma 0.79, na mashine zinazokufuata hatua kwa hatua 0.76. Yaani mashine imemkaribia binadamu kwa sababu binadamu hakuwa juu kiasi kile tulichoaminishwa. Halafu Kibatari umeruka kitu, kwenye ule wa LISP mwisho wa siku mtihani wote walifanya sawasawa tu, tofauti ilikuwa muda.

Kibatari:
Muda ndio nini kama sio faida? Masaa kumi na kitu mtu unayaokoa, hapo umesoma somo lingine, au umelala.

Dada wa Terminali:
Mimi nataka kurudi kwa Mzee wa Pointa maana hilo la UE ya karatasi limenigusa pabaya. Hivi kweli kaka yangu hiyo unaona ni sifa? Mimi nilikatwa maksi kwa nukta mkato KWENYE KARATASI, mtu mzima na digrii zake amekaa na kalamu nyekundu anafanya kazi ya kompaila, ile programu inayokagua kodi yako, tena kompaila mbovu maana inatoa majibu baada ya wiki sita semista imeshafungwa. Kosa nililolifanya Novemba nimekuja kuambiwa Februari, na hata sikuambiwa ni kosa gani, nimeona namba tu kwenye mfumo. Huyo Anderson wenu yote aliyoyahangaikia ni kwamba ukikosea ujue sasa hivi, wakati bado unakumbuka ulikuwa unawaza nini. Sisi tunafanya kinyume chake kabisa halafu tunaita nidhamu.

Mzee wa Pointa:
Dada ungeweka nukta mkato usingekatwa. Karatasi inakufundisha kuirun, yaani kuiendesha, programu kichwani. Mtu asiyeweza kuirun kichwani huyo sio programa, ni mpiga ramli, anabadilisha < kuwa <= anabonyeza run, haikubali, anarudisha, anabonyeza tena.

Msee wa Rongai:
Hapo kwa kubonyeza run bila kufikiria buda hajakosea sana. Hata na hizo tutor iko hivyo, kuna mtafiti anaitwa Ryan Baker alichunguza wanafunzi wakitumia mashine za hesabu, akapata kuna wale wanacheza na sistimu, mtoi anabonyeza help, help, help mpaka jibu lijitoe lenyewe, anaendelea. Na hao ndio walikuwa wanajifunza kidogo kabisa. Huku Kenya KICD, wale wa mitaala, walipitisha silabasi ya koding tangu 2022, watoto wanafanyia kwa kompyuta, ukiingia darasa utaona tu nani anafikiria na nani anabonyeza.

Dada wa Terminali:
Sawa, kwa kuwa Mzee anarun kichwani nina swali dogo. Kwenye utafiti wa mambo haya kuna zoezi maarufu la Elliot Soloway wa Yale, la miaka hiyohiyo ya 80, wanaliita swali la mvua. Programu inasoma milimita za mvua za kila siku, mtu akiandika 99999 inaacha kusoma, inatoa wastani. Basi. Mzee liandike hapa kwa C, usiirun. Sisi tutakusahihishia na kalamu nyekundu.

Chumvi Kidogo:
Eeeh sasa uzi umeanza

Mzee wa Pointa:
Hili ndio swali? Mtoto wa form two analifanya.

int mvua, jumla = 0, siku = 0;
while (mvua != 99999) {
scanf("%d", &mvua);
jumla = jumla + mvua;
siku++;
}
printf("%d", jumla / siku);

Dakika moja, natumia simu, niko kwenye daladala.

Pwani Debug:
Babu, mimi nimeirun. Nimeweka 4, nikaweka 3, nikamaliza na 99999. Imenambia wastani wa mvua ni 33335.

Chumvi Kidogo:
Milimita 33335 ni mita 33 na ushee kwa siku. Jangwani ya Dar hapo maji yako ghorofa ya kumi wakuu, mwendokasi wanunue manowari.

Dada wa Terminali:
Sicheki. Nacheka kidogo. Mzee umeijumlisha na ile 99999 yenyewe kama mvua, na ukaihesabu ni siku. Halafu mvua hujaipa thamani yoyote kabla ya while, unaiuliza kama ni 99999 wakati ndani yake kuna takataka za memori. Na ndio kosa ambalo wanafunzi wa kila mahali wanalifanya, kusoma na kujumlisha kwa mpangilio ambao alama ya kuacha inapenya ndani. Kule Yale walitengeneza hata programu inaitwa PROUST, kazi yake kusoma Pascal za wanafunzi wa mazoezi ya aina hii ikisie mtu alikusudia nini, halafu imwambie kusudio lako lilikuwa hili umelikosa hapa. Karatasi yako ingekwambia nini Mzee? Maksi 4 kati ya 10.

Mzee wa Pointa:
Ile ilikuwa sudokodi, rasimu tu ya kuonyesha wazo. Kila mwenye akili ameona wazo. Na nilisema niko kwenye daladala.

Msee wa Rongai:
Sudokodi iko na scanf na ampasendi, vitu vya C kabisa 😂😂

TA Mchovu:
Mkimaliza kucheka niulize. Hiyo PROUST ilijua zoezi gani lingine? Kila zoezi jipya mtu alitakiwa kukaa aandike mipango yote ambayo wanafunzi wanaweza kuja nayo, sahihi na mbovu. Hizi mashine za zamani inakadiriwa saa moja ya somo inakula zaidi ya masaa 200 ya kutengeneza, wengine wanasema 300. Nani atalipa? Sisi posho tu hatujapata. Ndio maana zilibaki kwenye vyuo vya watafiti wenyewe na LISP yao, lugha yenyewe nani anaajiri mtu wa LISP leo.

Nusu Sigma:
Hapo kwenye gharama TA uko sahihi lakini kusema zilibaki vyuoni si kweli, hao hao Carnegie Mellon waliipeleka kwenye aljebra za sekondari ikaenea shule nyingi Marekani. Na RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, wakaipima, ripoti yao ya 2014, mwaka wa kwanza wa shule kuitumia hakuna kitu, mwaka wa pili ndio matokeo yakapanda kiasi. Walimu walihitaji muda kuizoea. Kwa hiyo ukileta mashine leo chuoni ukapima mwezi ujao utasema imefeli.

Pwani Debug:
Na sasa hivi gharama si hoja tena, ChatGPT haiulizi zoezi gani, unaipa lolote.

Msee wa Rongai:
Hiyo ndio mbaya zaidi. Kuna ile ya Uturuki, sekondari, hesabu, wanafunzi karibu elfu moja. Waliopewa ChatGPT ya kawaida mazoezi walipeperusha, wakanyang'anywa siku ya mtihani wakafanya vibaya asilimia 17 kuliko wale hawakuwahi kupewa kitu. Iliyofungwa isitoe jibu, itoe dokezo tu, hiyo haikuwadhuru.

Mzee wa Pointa:
NILISEMA. Bando likiisha. Nilisema posti ya pili kabisa.

Dada wa Terminali:
Ile ni hesabu sio kukodi, na wewe bado una mita 33 za mvua.

Kibatari:
Wakuu turudi kwenye mada tafadhali. Swali langu lilikuwa mashine ya aina ya LISP Tutor, inayokusimamisha, sio hii inayokupa jibu. Ni vitu viwili tofauti kabisa, moja inajua wewe uko hatua gani, nyingine inajua jibu tu. Anderson na Corbett walijaribu hata lini ikwambie, papo hapo au mpaka uombe, wa papo hapo wakamaliza haraka zaidi, mtihani wakalingana. Mnaonaje kwa mwaka wa kwanza?

Mzee wa Pointa:
Nimeshuka kwenye daladala. Haya chukueni.

int mvua, jumla = 0, siku = 0;
scanf("%d", &mvua);
while (mvua != 99999) {
jumla = jumla + mvua;
siku++;
scanf("%d", &mvua);
}
printf("%d", jumla / siku);

Sasa leteni hiyo kalamu nyekundu.

Pwani Debug:
Nimeanza na 99999 moja kwa moja, kituo hakikuandika kitu mwezi mzima. Imekufa. Umegawa kwa sifuri babu.

Mzee wa Pointa:
Nani anapima mvua halafu haandiki kitu mwezi mzima? Hiyo sio data, huyo ni wa kufukuzwa kazi.

TA Mchovu:
Nilikuwa nimeamua kunyamaza ila ningekuwa nasahihisha hapa ningeongezea. Weka 4 na 3. Inatoa 3. Umegawa namba nzima kwa namba nzima, nusu imeyeyuka. Vijana mia, Mzee, kila mwaka, hilo hilo.

Kibatari:
Jamani mada...

Mzee wa Pointa:
Milimita za mvua ni namba nzima. Hata redioni wanasema milimita hamsini, hamsikii wanasema milimita hamsini na nukta tatu.

Chumvi Kidogo:
Kuna mtu wa hali ya hewa humu?

Mkulima Msomi:
Mimi sio wa hali ya hewa ila nina kipima mvua shambani Morogoro miaka sasa, silinda ya kioo, ina mistari ya sehemu ya kumi ya milimita. Asubuhi saa tatu unasoma, unaandika kwenye daftari, 12.4, 0.6. Hata hiyo 0.6 usidharau, kwa mche uliotoka jana ina maana.

Mzee wa Pointa:
Hicho kipimo cha dukani. Nionyeshe cha serikali.