EPIK au hagwon: nani anafaa wapi? Na wenye pasipoti za Afrika Mashariki je?

BintiKisauni (Columbus, Ohio)

Assalam aleikum, na hamjambo nyote. Nilizaliwa Mombasa, tukahamia Ohio nikiwa darasa la tano. Sasa nina uraia wa Marekani, shahada ya sosholojia, na hamu kubwa ya kwenda Korea Kusini kufundisha Kiingereza. Mungu akijaalia nianze mwezi wa nane mwakani. Nimesoma huku na huku, nikabakiwa na njia mbili.

Ya kwanza ni EPIK, mpango wa serikali ulioanza 1995, unaosimamiwa na taasisi ya NIIED iliyo chini ya Wizara ya Elimu. Unaajiriwa na idara ya elimu ya jiji au mkoa, unapelekwa shule ya serikali, na walimu huchukuliwa mara mbili kwa mwaka. Ya pili ni hagwon, vile vituo binafsi ambako watoto wa Kikorea huenda tuisheni. Hawa huajiri mwaka mzima, na unajua unakwenda mji gani na mtaa gani kabla hujasaini.

Mshahara naona unakaribiana, won milioni mbili na kitu kwa anayeanza, na suala la nyumba linashughulikiwa kote kuwili. Kwa hiyo kinachonitatiza si pesa. Nataka kujua mahali ambapo mwalimu mgeni, mweusi, anayevaa hijabu, atafanya kazi kwa heshima. Na chakula cha shuleni mnafanyaje? Wenye kuijua kazi yenyewe, nielezeni bila kunificha.

MzanzibariDaegu

Waaleikum salaam mdogo wangu. Mimi wa Unguja, nimekulia Leicester, pasipoti ya Uingereza, nafundisha shule ya msingi hapa Daegu kupitia EPIK. Mtandio sijauvua na hakuna aliyeniambia niuvue.

Kwa hali yako nakushauri EPIK, na sababu yangu kubwa ni mwajiri. Serikali haikosi mshahara mwisho wa mwezi, pensheni na bima ya afya zinalipwa bila wewe kuulizia, na shule haifungwi kwa sababu wazazi wamewahamisha watoto.

Kazi ni saa nane kwa siku, vipindi 22 kwa wiki, na ukizidisha unalipwa nyongeza. Darasani mnakuwa wawili, wewe na mwalimu Mkorea. Bahati yako itategemea huyo mwenzio kuliko hata mji utakaopangiwa. Ukipata anayepanga somo pamoja nawe, utajifunza ualimu hasa. Ukipata anayekuachia darasa zima na kukaa nyuma akisahihisha madaftari, utachoka mapema. Watoto wanaanza Kiingereza darasa la tatu, ndivyo ilivyo tangu 1997. Ukifika darasa la sita unamkuta mtoto anayetoka hagwon kila jioni, anaongea bila kusita, ameketi na mwenzake asiyeweza kusoma sentensi moja. Kuwatafutia hao wawili somo moja la dakika 40 ndiyo kazi yenyewe.

Chakula sasa. Kila mwezi shule hutoa ratiba ya chakula, na pembeni ya kila mlo kuna namba ndogo ndogo kwa ajili ya wenye mzio. Yai ni 1, maziwa ni 2, nguruwe ni 10, na ni namba zilezile nchi nzima. Mimi ratiba ikitoka nazungushia kila 10 kwa kalamu nyekundu, na siku hizo nabeba chakula changu. Hata kabla hujajua kusoma Kikorea, namba utaziona. Supu na mboga za kukaanga uziangalie zaidi, kwa sababu nyama hukatwakatwa hadi haionekani. Wiki ya kwanza mtafute mwalimu wa lishe, kila shule inayopika ina wake, jitambulishe na umweleze. Kwangu alianza mwenyewe kunionyesha kwa kidole kabla sijapakua.

Jingine ambalo watu hawaambiwi: watoto wakifunga shule, wewe hufungi. Kuna kambi za Kiingereza za kiangazi na za baridi, na zikiisha unakaa ofisini na kompyuta yako mpaka siku zako za likizo zifike. Kaa ukijua.

KakaBukavu (Ottawa)

Jambo ndugu zangu. Nauliza kwa niaba yangu. Nilifika Kanada na miaka 19, shahada nimeipata Ontario kwa Kiingereza, uraia ninao. Dada wa Daegu, EPIK watanipokea?

MzanzibariDaegu

Kaka, hapo pagumu. EPIK hawaishii kwenye pasipoti. Wanataka uwe raia wa moja ya nchi saba, yaani Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia, New Zealand au Afrika Kusini, na uwe umesoma kwenye nchi hizo tangu darasa la saba hadi chuo, jumla ya miaka 10 au zaidi. Waombaji wa Afrika Kusini na wa Quebec wanadaiwa pia uthibitisho kwamba masomo yao ya miaka hiyo yalikuwa kwa Kiingereza. BintiKisauni aliyefika darasa la tano anapita. Wewe uliyefika na 19, kwa EPIK hapana.

Hagwon ni habari nyingine, kwa sababu sharti la miaka 10 ni la EPIK. Viza ya E-2, ile ya walimu wa lugha, yenyewe inaangalia uraia wa nchi hizo saba na shahada. Lakini usikate tiketi kwa maneno yangu. Ubalozi wa Korea uko hapohapo Ottawa, waulize kwa maandishi, wakujibu kwa maandishi.

MwalimuIlsan

Niwatetee kidogo watu wa hagwon, maana humu jukwaani hutajwa kama pango la wezi. Nimefundisha hapa Ilsan, kaskazini-magharibi ya Seoul, na mimi mwenyewe nilichagua hagwon nikijua EPIK ipo. Watoto 10 darasani badala ya 25. Hakuna mwalimu wa pili, darasa ni langu, na mtoto niliyempokea akiwa hajui herufi namwona anasoma kitabu. Naingia saa saba mchana, natoka saa mbili usiku. Asubuhi ni yangu, najifunza Kikorea. Kwa mtu apendaye kufundisha hasa, vipindi 30 kwa wiki si adhabu.

Ila hagwon ni biashara, na utakachokipata ni kile kilichoandikwa kwenye mkataba. Chukua mshahara wa 2,300,000. Mkataba halali utakukata pensheni, ambayo kwa mwaka 2026 ni asilimia 4.75, kama 109,000, na mwajiri anaweka kiasi hichohicho. Bima ya afya mnagawana nusu kwa nusu, kwako kama 82,000. Inabaki 2,109,000 hivi kabla ya kodi ya mapato, ambayo kwa kiwango hicho ni ndogo. Ukiona mkataba unaosema watakukata asilimia 3.3 tu, usishangilie. Maana yake wamekuandikisha kama mtu anayejitegemea, si mfanyakazi. Hakuna pensheni, hakuna bima ya kazini, na siku ukidai kiinua mgongo watakwambia hukuwa mwajiriwa wao.

Hicho kiinua mgongo ni haki ya kisheria: ukimaliza mwaka mzima unalipwa mshahara wa mwezi mmoja juu. Ndiyo maana wapo wenye vituo wanaomtafutia mwalimu makosa mwezi wa 11 wa mkataba. Muulize mwalimu unayempokea nafasi, na si aliyechaguliwa na bosi akujibu: yeye alilipwa? Kituo kikikataa kukuunganisha naye, achana nacho. Mambo yakiharibika ukiwa huku, 1350 ni simu ya Wizara ya Kazi, 1345 ni ya uhamiaji na wanahudumia kwa lugha nyingi. E-2 imefungwa kwa mwajiri, kwa hiyo ukitaka kuhama katikati ya mkataba utahitaji barua yake ya kukuachia. Na tuisheni ya binafsi nyumbani kwa mtu kwa viza hiyo ni kosa, hata kama mzazi anakusihi.

Bi Kisauni, wewe Mmarekani ukiondoka kabisa pensheni yako yote unarudishiwa kwa mkupuo, sehemu yako na ya mwajiri. Mkanada pia. Dada yetu wa Uingereza harudishiwi, na wa Afrika Kusini hakatwi tangu mwanzo. Kwa miaka miwili hiyo ni hela ya kuanzia maisha, kwa hiyo usiichukulie kama makato tu.

MamaJihun (Ansan)

Mimi Mkenya, nimeolewa huku, nina viza ya F-6 ambayo hainibani kazi, na nafundisha Kiingereza kwenye kituo cha watoto. Nijibu lile swali ambalo wengine wamelipita pembeni.

Rangi inaangaliwa. Karibu kila tangazo la hagwon linataka picha yako kabla ya cheti chako. Nimewahi kusikia kwenye simu sauti inabadilika baada ya picha kufika, kisha nafasi "imejaa". Korea mpaka leo haina sheria moja pana ya kuzuia ubaguzi. Miswada imepelekwa bungeni tangu 2007 na haijapita, kwa hiyo usitegemee utashtaki ushinde. EPIK nao wanataka picha, lakini usaili wao una utaratibu, na hakuna mzazi anayelipa ada atakayempigia simu mwenye shule kuuliza kwa nini mwalimu si mzungu. Kwa dada mweusi mwenye hijabu anayeanza, mimi nasema EPIK kwanza. Ukishakuwa na mwaka mmoja wa kazi na barua ya mwalimu mkuu, hagwon utaingia ukiwa na nguvu ya kuchagua.

Watoto wenyewe hawana tatizo. Watakugusa mkono kuona kama rangi inatoka, watauliza nywele ziko wapi chini ya kitambaa, baada ya juma moja wewe ni mwalimu wao basi. Msikiti mkuu upo Itaewon, Seoul, tangu 1976, na maduka ya halali yameuzunguka. Ukipangiwa mkoa wa mbali utanunua nyama kwa mtandao, inafika imegandishwa.

MwlMbeya

Shikamooni wakubwa. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza sekondari, shahada ya ualimu, uzoefu ninao, pasipoti ya Tanzania. Kuna wakala amenihakikishia kazi ya kufundisha Korea, anataka nitume dola kwanza za "kufungua faili". Amesema cheti cha TEFL, kile cha kufundisha Kiingereza kwa wageni, kinatosha kuziba suala la uraia. Naombeni ukweli.

GKS_Daejeon

Marahaba mwalimu. Usitume hata shilingi. Hakuna cheti cha TEFL kinachobadilisha uraia, na E-2 ya kufundisha Kiingereza haitolewi kwa pasipoti ya Tanzania, Kenya wala Uganda, uwe umesoma wapi na uwe unakijua Kiingereza namna gani. Mimi naliona ni jambo la kuumiza, mwalimu aliyesomea kazi anaachwa na kijana mwenye shahada ya biashara anachukuliwa, lakini ndiyo sheria yao. Na mawakala wa kweli wa Korea wanalipwa na shule, hawamtozi mwalimu.

Njia iliyo wazi kwako ni GKS, ufadhili wa masomo wa serikali ya Korea, ambao nao uko chini ya NIIED, walewale wa EPIK. Kwa shahada ya uzamili unatakiwa uwe chini ya miaka 40. Wanalipa ada, tiketi na posho ya mwezi. Mwaka wa kwanza ni Kikorea tu, na lazima ufikie daraja la 3 la TOPIK, mtihani wa Kikorea, ndipo uingie kwenye masomo yenyewe. Mwaka huo ni mzito. Asubuhi yote darasani, mchana kazi za nyumbani, na ukianza shahada unakuta mihadhara mingi ni kwa Kikorea. Kama ungependa isimu au ufundishaji lugha, wewe una kitu ambacho Mmarekani hana: Chuo Kikuu cha Hankuk cha Masomo ya Kigeni kina wanafunzi wa Kikorea wanaosomea Kiswahili. Nafasi za uhadhiri zina viza yake, E-1, na hiyo haibagui kwa nchi saba, inatazama sifa za kitaaluma.

Ukiwa mwanafunzi usidanganywe na tuisheni za vichochoroni. Kazi yoyote ya muda inaombewa kibali uhamiaji kwanza.

MwlMbeya

Nashukuru sana kaka. Huyo wakala nimemzuia sasa hivi. Naanza kutafuta barua za mapendekezo.

BintiKisauni

Mmenifungua macho, Mungu awalipe kheri. Nakwenda na EPIK. Cheti cha TEFL cha saa 120 nakimalizia, najua wao wanataka angalau 100 kwa asiyesomea ualimu. Swali la mwisho kwa MwalimuIlsan, maana umetaja Marekani: apostili, yaani muhuri wa kuthibitisha hati kwa matumizi ya nje, ya shahada na ya cheti cha FBI cha rekodi ya uhalifu, naweza kuziombea pamoja?

MwalimuIlsan

Hapana, ni ofisi mbili tofauti. Nakala ya shahada inathibitishwa na mthibitishaji, halafu apostili inagongwa na ofisi ya katibu wa jimbo lilelile alikothibitishia. Cheti cha FBI ni cha taifa, apostili yake hutoka Wizara ya Mambo ya Nje, Washington, na foleni yao huchukua majuma kadhaa. Shughulikia shahada sasa, haina muda wa kuisha. Cheti cha FBI usikikimbilie mno, kinatakiwa kiwe hakijapita miezi sita. Kwa anayetaka kuanza mwezi wa nane, maombi ya EPIK hufunguliwa karibu na Februari, kwa hiyo alama za vidole zipigie hesabu ili cheti kisipitwe na miezi hiyo sita. Na ukiwa hapohapo Ohio, chukua fomu 6166, inayothibitisha kwamba wewe ni mkazi wa Marekani kikodi, kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya huko. Mmarekani anayefundisha shule ya serikali anaweza kusamehewa kodi ya mapato ya Korea kwa miaka miwili, na ukiwa huku kuipata ni usumbufu mtupu.