Nawezaje kuyatambua mawazo yangu bila kuyahukumu?

Swali

Habari zenu, ndugu zangu. Kwa miezi miwili sasa ninajizoeza kutambua yanayopita moyoni mwangu bila kuyahukumu, hasa nikiwa kazini na njiani kurudi nyumbani. Jumanne mwenzangu wa ofisini alipita mezani kwangu asinisalimu, nami nikaghadhibika. Mara nikakumbuka zoezi, nikajilaumu kwa kughadhibika, kisha nikajilaumu kwa kujilaumu, hata nilipofika kituo cha daladala nilikuwa nimechoka kuliko siku ambazo sifanyi zoezi lolote. Isitoshe, baba yangu mdogo ananiambia kwamba mtu asiyehukumu hatimaye hushindwa kutofautisha jema na baya. Naomba wenye uzoefu mnisaidie.

Jibu la kwanza

Ndugu, umeandika "mara nikakumbuka", na kwangu hilo ndilo neno zito kuliko yote katika swali lako. Zoezi hili lina asili katika mapokeo ya Kibudha, ambako kwa lugha ya Kipali huitwa *sati*, neno ambalo ndani yake mna maana ya kukumbuka. Mwaka 1979 mwanasayansi Mmarekani Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa katika chuo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, na mafunzo hayo yakaja kujulikana kama programu ya wiki 8. Wengi wao walikuwa na maumivu ya muda mrefu ambayo dawa hazikuyamaliza. Hawakuahidiwa kwamba maumivu yataondoka, walifundishwa kuyahisi mwilini yalivyo, na kuyatenga na maneno yanayoyafuata, kama vile "maisha yangu yamekwisha." Kwa hiyo ulipokumbuka, zoezi lilikuwa limekwisha kufanyika. Lawama zilizofuata ni mawazo mengine tu, nazo zitambue vivyo hivyo: "hii ni lawama."

Jibu la pili

Naongeza jambo lililonisaidia mimi, nalo ni kutenganisha tukio na dhana. "Amepita bila kunisalimu" ni tukio, kwa sababu yeyote aliyekuwapo angeliona. "Amenidharau" ni dhana, lakini lugha yetu huivika vazi lilelile la "ame-", ikasikika kama habari iliyothibitishwa. Sisi tuliolelewa kuamini kwamba salamu ni nusu ya utu huruka kutoka sentensi ya kwanza hadi ya pili kabla hatujavuta pumzi. Mimi huanza na mwili: kifua kimebana, taya zimekaza, masikio yana moto. Mwili hausingizii mtu, na ukikaa nao kwa pumzi tatu au nne, ile "amenidharau" huonekana ikija.

Jibu la tatu

Kuhusu hoja ya baba yako mdogo, ambayo ni ya haki na inastahili jibu: mtu anayechagua mchele kwenye ungo huona chuya na mawe vizuri sana, huyatoa, akayaweka kando. Hayagombezi mawe, wala hajioni mpishi mbaya kwa kuyakuta. Kupambanua kumebaki; kilichoondoka ni ugomvi. Mwenzako akikukosea kweli, mwambie, na utamwambia vizuri zaidi ukiwa umeiona hasira yako kabla haijakusemea. Ila ukiona utulivu unaibua kumbukumbu nzito zinazokulemea, simamisha zoezi na umtafute mshauri nasaha, usijilazimishe.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Leo asubuhi nimeandika kwenye daftari: "Alipita. Hakunisalimu. Kifua kilibana." Sentensi ya nne, "Ananidharau," ilikuja yenyewe, nami nikaiandika pia, lakini pembeni ya ukurasa. Kesho nitaanza mimi kumsalimu.