Naomba ushauri: diklofenaki inanituliza mawazo, niendelee nayo?

MuuzaMabelo:
Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nina miaka 41, nauza mitumba. Huu mwaka wa pili nasumbuka na mikopo ya kausha damu: nilikopa, nikashindwa, nikakopa kwingine kulipa kule kwa kwanza. Kila Ijumaa simu ikiita moyo unadunda kabla sijaona ni nani. Usingizi ukakata, chakula hakipiti, mwanangu akinichekesha namtazama tu. Daktari akasema ni sonona iliyoletwa na msongo wa mawazo wa muda mrefu, akaniandikia fluoxetine. Hii wiki ya tatu, sioni kitu.

Sasa mgongo ukaniuma kwa kubeba mabelo, duka la dawa wakanipa diklofenaki. Wakuu, siku ya tatu nikajikuta naimba bafuni! Kupekua mtandaoni nikakuta eti sonona nyingine inatokana na mwili kuwaka kwa ndani, na dawa za kupunguza uvimbe zinaitibu. Wiki mbili sasa nameza asubuhi na jioni, wakati mwingine sijala. Niendelee nayo niache ile ya hospitali?

Kidume_Bajaji:
Sonona ni ya wenye pesa mkuu. Wewe una madeni. Lipa upone 😂

MamaPacha:
Kidume, nyamaza kama huna la kusema. Mimi baada ya kujifungua nililia miezi minne nikiosha vyombo, na sikuwa nadaiwa hata shilingi.
Kaka, nikuulize bila kuzunguka: unawaza kufa? Kama ndiyo, usilale na hilo peke yako leo. Mwambie wifi akupeleke hospitali usiku huu huu.

MuuzaMabelo:
Dada asante kwa kuuliza. Mwezi uliopita yalinijia, mke wangu na daktari wanajua. Sasa hivi hapana.

Mfamasia_Mstaafu:
Mdogo wangu, ulichosoma si uongo, ila umeishia nusu.

Msongo ukikaa miaka, kotisoli, homoni ambayo kazi yake mojawapo ni kuituliza kinga ya mwili, inafika mahali haisikilizwi tena. Kinga inabaki macho kama mlinzi aliyesahauliwa zamu, na kemikali zake zinagusa hadi ubongo. Tuliliona kwa wagonjwa wa homa ya ini C waliokuwa wakichomwa interferon, dawa ya kuichochea kinga: wengi waliangukia sonona wakiwa katikati ya matibabu.

Shida ni kuligeuza hilo kuwa tiba. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitoa matokeo ya wagonjwa 60 ambao dawa za kawaida ziliwashinda. Wengine walitundikiwa infliximab, dawa nzito ya kuzima uvimbe, wengine maji ya chumvi matupu yasiyo na dawa. Ukiwajumlisha wote, hakuna tofauti. Dalili za kusaidika zilionekana kwa wale ambao kipimo cha damu kinachoitwa CRP, kinachoonyesha mwili unawaka kiasi gani kwa ndani, kilizidi 5. Wenye CRP ndogo, maji ya chumvi ndiyo yaliyowafaa zaidi! Aspirini nayo ilijaribiwa kwa wazee zaidi ya 19,000 Australia na Marekani, haikuwakinga na sonona. Wewe CRP yako hujapima, na diklofenaki si infliximab.

Kuimba bafuni? Mgongo ulitulia, ukalala. Mtu aliyekesha wiki nzima akipata saa saba za usingizi ataimba tu. Fluoxetine nayo huchukua wiki nne hadi sita kuonyesha kazi, usiihukumu mapema.

Kinachonitia hofu ni kingine. Fluoxetine inapunguza uwezo wa damu kuganda, diklofenaki inachubua tumbo, na wewe unameza hujala. Zikikutana, tumbo linaweza kuvuja damu kimyakimya. Choo chako kina rangi gani?

Kidume_Bajaji:
Uzi umeshafika chooni 😂😂

MuuzaMabelo:
Mzee wangu umenishtua. Tangu juzi cheusi kama lami, kinanata. Nilisema ni maini niliyokula. Na nikiinuka ghafla naona giza.

Mfamasia_Mstaafu:
Usimeze tena hiyo diklofenaki. Nenda hospitali sasa hivi, kesho ni mbali. Beba paketi za dawa zote mbili, uwaambie kuhusu choo kabla ya yote. Na usiendeshe chochote.

Kidume_Bajaji:
Mkuu uko pande zipi? Mimi niko Mbagala, nina bajaji na mafuta yapo. Njoo PM.

MuuzaMabelo:
Wakuu, nipo wodini tangu saa sita usiku. Wamepima damu, imeshuka, nimewekewa dripu, asubuhi wananiingiza mpira wa kuangalia tumbo. Ile ya sonona daktari amesema tutaizungumza tumbo likishajulikana, nisiamue mwenyewe.
Kidume amegoma kupokea nauli. Mke wangu kaja na chapati, mimi nimekatazwa kula, kwa hiyo anakula yeye.

Kidume_Bajaji:
Alizikaanga vizuri sana. Nyingine ninayo hapa.