Nani kaweka ng'ombe kwenye .bashrc ya seva ya watu wote?? Nimechoka

Wakuu, huu uzi naandika nikiwa na hasira na sifichi. Kuna mtu kwenye timu yetu, simtaji, kaingia kwenye seva tunayotumia wote, tena kwenye akaunti ileile ambayo skripti zote zinapitia, kafungua .bashrc (faili la amri ambazo bash, ile sheli inayopokea amri zetu, inazisoma inapoanza), juu kabisa kabandika mstari wa `/usr/games/cowsay`, kile kiprogramu cha utani kinachochora ng'ombe kwa herufi na maneno yake ndani ya kiputo, ili kila anayeingia apokelewe na ng'ombe anayemkaribisha. Basi tangu siku hiyo bakapu za usiku hazijatoka hata moja na hakuna aliyeniambia kitu, nimekuja kujua pale nilipohitaji kurudisha faili la mteja nikakuta folda iko vilevile ilivyokuwa kabla ya huyo ng'ombe kuja.

Nafungua logi, rsync (programu inayonakili faili za bakapu) kila usiku inalalamika kitu kimoja: `protocol version mismatch -- is your shell clean?` Kila usiku! Programu yenyewe inakuuliza kama sheli yako ni safi, inakwambia kabisa kuna kitu kinatema maneno pasipotakiwa, na mtu kaipita tu logi kama haimhusu.

Nikajaribu sftp, ya kuhamisha faili kupitia ssh, kwa mkono, ikanipa `Received message too long 543121247`. Hiyo namba msidhani imetoka hewani. Sftp inategemea baiti 4 za kwanza zinazofika ziseme urefu wa ujumbe unaokuja, sasa badala ya urefu imepokea nafasi moja tupu na vistari vya chini vitatu, vilevile vinavyochora ukingo wa juu wa kiputo cha ng'ombe. Chukua hizo herufi 4 uzisome kama namba unapata 543121247 kamili. Yaani sftp imeamini unakuja ujumbe wa zaidi ya baiti milioni 500 ikakataa, na imefanya sawa kukataa.

Na msiniambie "lakini .bashrc si ya mtu akiingia tu". Hapana. Bash ikiitwa kupitia ssh (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) kuendesha amri moja tu nayo inasoma .bashrc, hata kama mbele ya skrini hakuna mtu. Ndo maana .bashrc inayokuja na Debian na Ubuntu ina kinga pale juu, ile `case $- in` inayoangalia kama kuna herufi i (yaani kuna mtu anayeandika amri), kama haipo inarudi bila kuendelea. Kinga ilikuwepo! Mtu kaiona, kaandika mstari wake JUU ya kinga. Angeshuka mistari michache tu chini nisingekuwa naandika hapa leo.

Halafu haikuishia hapo. Ile skripti ya kutoa tahadhari disk ikikaribia kujaa, nayo kamwingiza huyo ng'ombe, matokeo ya `df -h` (amri inayoonyesha nafasi ya disk) anayapitisha kwa cowsay bila hata kuweka `-n`. Anayeijua cowsay anajua usipoweka `-n` inayakusanya maneno yote na kuyakunja upya kwenye upana wa herufi 40. Jedwali linakuwa uji. Asilimia huku, jina la disk kule, sehemu iliyojaa huwezi kuijua mpaka uendeshe df mwenyewe tena, sasa hiyo tahadhari ni ya nini? Na mambo yakiharibika kaweka `-d`, macho ya ng'ombe yanakuwa xx na ulimi unatoka nje, hiyo ndo alama pekee kwamba kazi imefeli, neno lenyewe halijaandikwa popote. Skripti ya kufuatilia itasomaje macho? Na kuna watu wanafanya kazi kwa programu zinazosoma skrini kwa sauti, hao wanasikia mabano, mkwaju, mabano, mkwaju, mpaka mnyama mzima aishe.

Cowsay yenyewe sina ugomvi nayo jamani, naipenda. Kiprogramu kidogo cha Perl cha Tony Monroe, kipo tangu 1999, hakijamdhuru mtu. Kwenye mashine yangu ninayo, `fortune | cowsay -f tux` asubuhi, pengwini ananipa msemo wa siku, fresh kabisa. Piga `cowsay -l` uchague mnyama unayemtaka, weka joka, weka stegosaurus, badilisha macho kwa `-e`, ni terminali yako. Ninachokataa ni wewe kunichagulia mimi, tena mahali ambapo mashine zinaongea na mashine.

Na wale wa Ansible, programu ya kuendesha kazi kwenye seva nyingi kwa mpigo, naomba mnisikilize pia, maana hili wengi hawalijui. Ansible ikikuta cowsay imewekwa kwenye mashine unayoendeshea playbook (faili la orodha ya kazi), inaanza kuitumia yenyewe bila kuombwa, kila kichwa cha task kinakuwa ng'ombe mzima. Kwa hiyo mtu kaweka cowsay kwa ajili ya salamu zake, logi zetu za deploy zote zikabadilika sura, grep zetu (amri za kutafuta maneno) zilizokuwa zinatafuta mstari unaoanza na `TASK [` zikarudi tupu kwa sababu sasa mstari unaanza na ukingo wa kiputo `<`. Dawa ipo, `nocows = 1` kwenye ansible.cfg au `ANSIBLE_NOCOWS=1` kwenye mazingira, ila kwa nini niwe nazima kitu ambacho sikukiwasha?

Nikauliza kwenye grupu la kazi nikajibiwa "punguza stress, ni utani tu". Utani gani huo? Data za mteja zingepotea ungeenda kumwambia mteja ni utani?

Sasa nimeutoa ule mstari, kinga imebaki juu kabisa, rsync imepita na faili zimefika. Aliyeuweka anajijua. Ukitaka mnyama wako weka kwenye .bashrc ya akaunti yako, chini ya ile `case`, na akaunti ya skripti usiiguse tena bila kusema. Na kama kuna mwenye seva ambayo sftp inakataa na namba 543121247, fungua .bashrc sasa hivi, unajua unatafuta nini.