MREJESHO: Vifuko vya njano kwenye nyama ya kambare

Wakuu, niliwaletea picha ya kambare wa Mto Ruvu mwenye vifuko vya njano nyuma ya matamvua, nikauliza ni nini. Ahsanteni sana, hasa mkuu aliyesema ni klinostomu, yaani minyoo ya samaki. Nilipasua kimoja kwa ncha ya kisu, akatoka mnyoo bapa, anajinyonganyonga kabisa!

Nilitoa vinavyoonekana, nikakata vipande vyembamba na kukaanga hadi nyama ikaachana na mfupa. Tumekula, hakuna aliyeumwa tumbo. Kugandisha ili kuua minyoo ndiko kumegoma: inatakiwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, na kwa umeme wa huku Mbagala friji yangu haifiki huko. Ndimu msiitegemee, haiui minyoo hiyo. Mama watoto bado amesusa kambare, ananunua vibua soko la samaki la Feri.